Kwini Hahesabiki Mpaka Afunikwe

Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mtaa wetu wa Majengo, Mombasa, ulikuwa na sauti mbili: muuza kahawa akigonganisha vikombe, na "tak!" ya straika ikipiga kete. Bodi ya keram iliwekwa juu ya stuli nje ya duka, balbu ikaning'inizwa juu yake, na wanaume wakajipanga wakisubiri zamu. Mimi nilitazama kutoka dirishani. Keram niliijua. Kaka yangu alinifunza nyumbani, na baadaye nikawa namshinda. Lakini siku nilipoteremka kuomba zamu, ami yangu alinijibu bila hata kuinua macho: "Mwanangu, sheria ya hapa, wasichana hawachezi."

Neno hilo, sheria, lilinikaa. Si kila mchezo una sheria? Sasa hii ya kwetu ilitungwa na nani?

Keram ni mchezo wa Bara Hindi. Katika kasri moja huko Patiala, jimbo la Punjab, bado kuna bodi ya zamani yenye uso wa kioo. Lakini keram haikukaa kwenye makasri. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilienea kwa watu wa kawaida: sebuleni, vilabuni, kando ya barabara. Bodi moja, kete, na poda kidogo ya kulainisha uso, basi mko tayari.

Na Wahindi walikuwa kwetu zamani. Majahazi ya Gujarat na Kutch yalifika Mombasa kwa pepo za kaskazi karne nyingi kabla ya Mwingereza. Kisha ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na kama 6,700 kati yao wakabaki baada ya kazi kuisha. Wengine walikuja baadaye wakafungua maduka na karakana. Kupitia jamii hizi keram ikavuka kizingiti cha duka, ikakaa barazani pamoja na bao na dhumna, ikawa yetu.

Ikawa yetu bila kitabu. Hilo ndilo watu husahau. Sheria zilikaa midomoni. Mtaa huu unakataza kupiga kwa gumba, mtaa ule unaruhusu. Hapa mnacheza pointi, kila rangi na thamani yake. Pale kila mtu ana rangi yake na wa kwanza kumaliza ndiye mshindi. Ukienda kucheza mtaa wa watu, jambo la kwanza ni kuuliza: "Hapa mwachezaje?"

Marekani kuna hadithi nyingine. Katika miaka ya 1890, mji wa Ludington, Michigan, mwalimu wa shule ya Jumapili aitwaye Henry Haskell alitengeneza bodi inayofanana sana na keram. Alitaka vijana wapate burudani nyumbani wasivutwe na kumbi za biliadi. Nilipoisoma hii nilicheka peke yangu. Kwa Haskell, bodi ilikuwa dawa ya uvivu. Kwa mama yangu, keram ndiyo uvivu wenyewe! Mbao ni zile zile. Kinachobadilika ni jicho la anayetazama.

Kitabu kilikuja mwaka 1988. Mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Keram liliundwa katika mji wa Chennai, ambao wakati huo bado uliitwa Madras, na sheria za kimataifa zikaandikwa. Uso wa kuchezea uwe mraba wa sentimita 73.5 hadi 74. Kete ni 19: nyeupe 9, nyeusi 9, na kwini mmoja mwekundu katikati. Straika isizidi gramu 15. Mwenye nyeupe ndiye anayeanza. Vidole vyote ruhusa, hata gumba. Straika ikiingia shimoni ni kosa, unalipa kwa kurudisha kete. Gemu inakwenda hadi pointi 25 au bodi 8, na kwini ana pointi 3.

Kisha ipo sheria ninayoipenda kuliko zote. Kumwingiza kwini shimoni hakutoshi. Lazima umfunike, yaani uingize kete yako nyingine papo hapo au kwa pigo linalofuata. Usipofanya hivyo, kwini anarudi katikati kana kwamba hukufanya kitu.

Niliisoma sheria ile yote nikitafuta jambo moja tu. Inapima bodi, inapima kete, inasema hata mkono na kiwiko vikae vipi. Haiulizi mkono ni wa nani. Na dunia haikuuliza. Rashmi Kumari wa India amekuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Mwaka 2024, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Marekani, msichana wa miaka 17 aitwaye Khazima alirudi Chennai na dhahabu tatu. Baba yake ni dereva wa tuktuk. Hebu fikiria: tuktuk, kama hizi zinazopita hapa Majengo.

Nikampelekea ami simu, sheria zimefunguka kwenye skrini. Akavaa miwani, akasoma taratibu, akanirudishia. "Hii ni ya themanini na nane," akasema. "Mimi nacheza tangu sabini na kitu. Kitabu chenu kimenikuta barazani."

Na hapo, kwa kweli, alikuwa na haki yake. Mchezo haukungoja Madras. Waliouhifadhi ni wazee kama yeye, na siku tutakapocheza sote kwa simu, na sheria ni ile iliyowekwa na programu, hakuna atakayeuliza tena "hapa mwachezaje?" Sitaki tufike huko. Lakini sheria inayokaa midomoni inaweza kubadilishwa na midomo ile ile. Nikamwambia hivyo.

Akanyamaza. Muuza kahawa akanyamaza pia. Kisha ami akasogea kwenye benchi, akapangusa poda kwa kiganja. "Hapa hatupigi kwa gumba," akasema.

"Sawa, ami."

Nilipiga kwa kidole cha shahada. Bodi ile ile ya kwanza nilimwingiza kwini, baraza zima likasema "Aaah!" Pigo lililofuata mkono ulinitetemeka, kete ikagonga ukingo wa shimo ikabaki nje. Ami akamchukua kwini, akamrudisha katikati polepole.

"Hujamfunika," akasema. "Kesho njoo mapema, zamu huwa ndefu."