Betri iliyovimba na elimu ya kuanika juani

Mitihani ya semista imeisha juzi, kwa hiyo kijiwe kimefunguliwa tena. Leo sileti stori za bwenini wala za foleni ya kantini. Naleta historia, na mjue kabisa kwamba ni ndefu kidogo, hivyo mwenye bando dogo asome harakaharaka.

Ilianza hivi. Kwenye kozi yetu ya mbinu za kufundisha Historia tulipewa kazi ya kuchagua kitu kimoja cha kawaida, tukifanye kuwa chanzo cha historia. Wenzangu wakachagua kanga, sarafu za zamani, vyombo vya bibi zao. Mi nikachagua betri ya simu iliyovimba. Ni ya jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, imo kwenye simu yake ya mwaka 2017 ambayo mfuniko wa nyuma umebinuka kama bati lililopigwa na upepo. Darasa zima likacheka. Mhadhiri hakucheka, akasema tu, "Haya mwalimu, tueleze hicho kitu kinasema nini."

Swali langu lilikuwa dogo. Kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akiona betri ya simu imevimba anafikiria kuianika juani? Au kuikandamiza kwa kitabu kizito? Au, mungu wangu, kuitoboa kwa sindano "ili upepo utoke"? Yote matatu nimeyasikia ndani ya wiki moja: chumbani kwetu, kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, na Kariakoo mtaa wa Aggrey kwenye maduka ya simu. Watu wanapenda kujibu kwamba ni ujinga. Mi nasema hapana. Ni elimu, tena elimu iliyofanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba ilikuwa elimu ya betri nyingine.

Waulizeni wazee wenu kuhusu betri za National. Kampuni ya Kijapani iliyoitwa Matsushita ilijenga kiwanda cha betri kavu hapahapa Dar es Salaam miaka ya 1960, na National lilikuwa jina lake la biashara. Wakati ule redio ndiyo ilikuwa gazeti, shule na saa ya ukutani. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana habari za vyoo, maji na malaria. Umeme vijijini haukuwepo, kwa hiyo redio zile zilikula mawe. (Ndiyo, betri ziliitwa mawe, na kwa babu yangu bado zinaitwa hivyo.) Halafu ikaja mwanzo wa miaka ya 1980, bidhaa zikaadimika madukani, na kitu chochote ulichokipata ulikitumia mpaka tone la mwisho.

Hapo ndipo elimu ya kuanika ilipokomaa. Babu anasimulia kwamba betri zilishinda juu ya bati mchana kutwa ili taarifa ya habari ya saa mbili usiku isikike. Na zilisikika kweli! Sio imani, ni kemia. Betri kavu ina ganda la zinki, ndani kuna unga mweusi wa manganizi na kaboni, katikati kijiti cha kaboni. Ikitumika, mabaki ya kemikali yanajazana karibu na sehemu inayofanya kazi na umeme unadhoofika. Ukiipumzisha mabaki yanasambaa, ukiipa joto kemia inachangamka, basi unapata nusu saa nyingine ya redio. Wengine walizing'ata. Nayo ilikuwa na mantiki, maana ganda likibonyea unga unagusana upya na kijiti. Ubaya mkubwa wa betri ile ulikuwa kuvuja maji yake na kuozesha springi za redio. Haikuwa na hasira.

Na sisi walimu, tusijitoe kwenye kesi hii. Katika shule nyingi betri mbovu ndizo zilizopaka ubao. Wanafunzi waliambiwa walete betri zilizokufa, zikapasuliwa kwa jiwe, ule unga mweusi ukatwangwa pamoja na majani, ukapakwa ubaoni, na chaki ikaandika vizuri. Kwa hiyo kuna vizazi kadhaa vya Watanzania waliofundishwa shuleni, na mwalimu akiwa amesimama pale, jinsi ya kupasua betri. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Sasa simu. Mobitel ilianza mwaka 1994, na kipindi kile simu ya mkononi ilikuwa ya mkubwa na dereva wake. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, bei zikaanza kushuka, na baada ya Nokia 1100 kutoka mwaka 2003 kila mtaa ukawa na kitochi. Mi nilikuwa bado sijajua kutembea. Kitochi kilikuwa na betri ya BL-5C, kipande chembamba kinachotoka kwa kucha, na hapo fani nzima ikazaliwa: chaja ya kobe inayobana betri yoyote ile, vibanda vya kuchajisha kwa sola au kwa betri ya gari kule kusikokuwa na umeme, na Kariakoo betri za kila aina, za kweli na za mfano wa kweli.

Neno likabaki lilelile. Betri. Hakuna aliyetangaza kwamba kilichoingia ni kitu kingine kabisa.

Kitu chenyewe kina historia fupi. Majaribio ya lithiamu yalishika kasi miaka ya 1970. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakaonyesha kwamba oksidi ya kobalti inafaa kwa upande chanya, mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaunda betri iliyokuwa salama kiasi cha kuuzika, na mwaka 1991 Sony wakaiingiza sokoni. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na miaka 97. Lakini mi nilipofika hapo nikajiuliza, hiyo kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia imekuwa ikichimbwa Kongo, hasa Katanga, na sehemu yake kubwa imekuwa ikisafiri na shaba kwa malori kupitia Tunduma mpaka bandari ya Dar es Salaam. Ukisubiri pantoni Magogoni unautazama mlango wa bandari, meli zinapita karibu mpaka unasoma majina yake. Kwa hiyo madini ya betri yanatoka kwa mlango ule na simu kutoka China zinarudi kwa mlango uleule, zinavuka barabara chache hadi Kariakoo. Mahali ambapo jina lake limetokana na wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, wa vita ya kwanza ya dunia... mzigo unapita tu, sisi tunabeba.

Turudi kwenye kuvimba. Ndani ya betri ya lithiamu hakuna maji. Kuna kimiminika chenye asili ya mafuta, kinachoshika moto. Betri ikizeeka, ikichajiwa kupita kiasi, ikiachwa imeisha chaji miezi na miezi, au ikikaa kwenye joto, kimiminika kile kinaanza kuvunjika na kutoa gesi: kaboni dioksaidi, kaboni monoksaidi, haidrojeni na nyinginezo. Gesi haina pa kutokea, ganda linatuna. Joto la Dar mnalijua wenyewe. Simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala saa saba mchana inapikwa, hakuna neno lingine.

Mnaona basi kilichotokea? Lile jua lililokuwa dawa ya betri ya babu ndilo sumu ya betri ya mjukuu. Na kule kung'ata, kugonga na kupasua, ambako kwa betri kavu kulichafua meno tu, kwa hii kunakutanisha tabaka mbili ambazo hazitakiwi kukutana. Zikikutana umeme wote uliobaki unageuka joto kwa mara moja, na kimiminika kinawaka. Moshi wake nao ni sumu.

Mafundi wa Kariakoo walilijua hili mapema kuliko vitabu vyetu. Kipimo chao ni kuweka betri juu ya kioo cha kaunta na kuizungusha kwa kidole. Ikigoma, iko bapa, nzima. Ikizunguka kama pia, ina tumbo. Fundi mmoja alinionyesha huku akicheka, "Ticha, ikicheza mduara hivi mi siuzi." Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema aliyekuwa kwenye meza hiyo kabla yake. Haya ndiyo masimulizi ya mdomo tunayosisitizwa darasani, isipokuwa hakuna aliyeyaandika.

Mwaka 2007 una mambo mawili ambayo nikiwa mwalimu nitayafundisha pamoja. Agosti mwaka huo Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zinaweza kupata joto kali wakati wa kuchajiwa, na wakajitolea kuzibadilisha bure. Matukio yaliyokuwa yameripotiwa duniani yalikuwa kama 100. Nani alizitengeneza? Matsushita, kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006. Kampuni ileile ya mawe ya National! Nilipogundua hili nilisimama kwenye kiti. Ina maana hata mtengenezaji aliyetulia miongo kadhaa na betri kavu, lithiamu ilimsumbua. Jambo la pili, mwaka huohuo iPhone ya kwanza ilitoka ikiwa na betri iliyofungiwa ndani, na taratibu karibu simu janja zote zikafuata. Kipimo cha kioo kikafa hapo. Huwezi kuzungusha betri usiyoifikia, unasubiri mpaka ibinue mfuniko au inyanyue kioo ndipo ujue. (Umoja wa Ulaya umepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya simu iwe inaweza kutolewa na mwenye simu. Tutaona kama na sisi zitatufikia.)

Halafu ukaja mwaka 2016. Samsung walilazimika kuitoa sokoni Galaxy Note 7, ambayo ilidumu kuanzia Agosti hadi Oktoba tu kwa sababu ya betri kuwaka. Lakini kwetu tarehe kubwa ilikuwa 16 Juni 2016, usiku ambao TCRA ilizima simu feki nchi nzima. Watu waliandika mengi kuhusu laini na bei. Mimi kinachonivutia ni kwamba simu zilizozimwa hazikuyeyuka. Ziliingia kwenye madroo, kwenye makopo ya misumari, chini ya magodoro, zikiwa na betri zake ndani. Nyumbani kwetu zimo tatu. Mama anasema anazitunza kwa sababu ya picha.

Na ukitaka kuzitupa, unazitupa wapi? Jiji hili lina historia ndefu ya kugombania dampo. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu, wakashinda. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda pia. Siku hizi taka zinaishia Pugu Kinyamwezi. Tangu mwaka 2021 tuna kanuni za taka za umeme na elektroniki chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, ni nzuri kuzisoma. Mtaani kwetu bado kuna gari moja la taka, nalo linabeba ganda la ndizi na simu kwenye kapu moja. Betri iliyovimba ikibanwa humo, wa kwanza kuungua ni kijana aliyesimama juu ya mzigo.

Kwa wenye simu ya namna hii sasa hivi, kama jamaa yangu: izime, usiichaji tena, usiibonyeze mfuniko urudi, usiitoboe, usilale nayo. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, kivulini, mbali na pazia na godoro, halafu mpelekee fundi anayejua kuitoa na umwambie kabla hajaigusa kwamba imevimba. Jamaa alibisha siku mbili, siku ya tatu akakubali. Kopo tuliliomba kantini.

Lile la ubao sasa. Nilipokuwa fildi, mafunzo kwa vitendo mwaka jana, kwenye shule moja ambayo sitaitaja, zamu ya kupaka ubao ilifika na darasa likaambiwa lilete betri mbovu kama kawaida. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza alileta nne: tatu za tochi na moja ya simu, imevimba kama andazi. Kwake zote zilikuwa betri mbovu, na alikuwa ameshaokota jiwe. Niliichukua ile ya nne mkononi mwake, nikafuta somo la siku hiyo, tukazungumza betri mpaka kengele.

Bado nakusanya masimulizi kwa ajili ya kazi hii. Mwenye mzee aliyefanya kazi kiwanda cha National, au aliyesoma kwenye ubao wa unga wa betri, naomba amuulize mambo mawili: walizianika muda gani, na nani aliwafundisha. Niandikieni.