Uzi na Sindano katika Thika na Ruiru: Asili ya Kazi ya Nyanya Wafumao Nguo za Watoto

Taarifa ya mwaka haipaswi kuwa ya fedha na hesabu peke yake. Iko kazi moja ya huruma isiyo na daftari wala muhuri, nayo ni ya wale akina nyanya wafumao kofia, soksi na sweta za watoto wachanga, kisha wakazitoa bila kudai malipo. Kwa kuwa umri nao haungoji, twaona ni vema asili ya kazi hiyo iandikwe.

Kusuka si jambo geni kwa wanawake wa Kikuyu. Zamani kabla reli haijafika Thika mwaka wa 1913, walikuwa wakisuka viondo kwa nyuzi za magome, tena walisuka hata njiani, mzigo mgongoni na mikono ikiendelea na kazi. Sindano mbili za kufumia sufu ndizo zilizokuwa ngeni. Zililetwa na misheni, ambako wasichana walifundishwa kushona na kufuma pamoja na kusoma, kisha zikaenea zaidi baada ya mwaka wa 1952, Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa chini ya mkono wa serikali. Viongozi wa vilabu walifunzwa katika Jeanes School, Kabete, nao wakarudi kwao kufundisha upishi, usafi, ulezi wa watoto, kushona na kufuma.

Hapa yafaa kusema kweli, ijapokuwa ni chungu. Mwaka ule ule, tarehe 20 Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa. Kuanzia 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyolindwa. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, na huko Kamiti, si mbali na Ruiru, walifungwa wanawake, wengine pamoja na watoto wao wachanga. Serikali ilivitumia vilabu hivyo kuwavuta akina mama waache kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Basi aliyezitazama sindano zile kwa jicho baya hakukosa sababu. Walakini mtoto aliyelala katika nyumba mbichi ya udongo hakujua sufu imetoka mkononi mwa nani. Kwa maoni yangu, ujuzi ule ulikuwa mali ya mwanamke tangu siku alipoushika vidoleni, naye aliupeleka alikotaka. Mwaka wa 1958 Bi. Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Maendeleo ya Wanawake.

Sufu mpya ni ghali, na hapo ndipo akili ya akina mama huonekana. Sweta kuukuu hufumuliwa, uzi wake ukafuliwa, ukaanikwa na kitu kizito ili unyoke, ukakunjwa donge, kisha ukafumwa upya. Hata viondo vimesukwa kwa nyuzi za namna hiyo.

Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na baridi ya mwezi wa saba twaijua sote. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, tena kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili, hivyo joto humtoka upesi. Yapasa joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mwaka wa 1978 madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, walianza kumweka mtoto kama huyo kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea duniani, lakini kofia haikuondolewa. Mfumaji hodari hufuma matundu madogo ili kidole kisinaswe, wala haweki utepe shingoni.

Tusiwasahau watoto wengine. Sheria ya Kenya humruhusu mtoto kukaa gerezani na mamaye hadi atimize miaka 4, na Thika lipo gereza la wanawake. Kofia ya mchanga huweza kwisha jioni moja, lakini sweta ya mtoto wa miaka 3 hutaka siku nyingi na madonge kadhaa ya uzi. Mwenye sweta kuukuu nyumbani asiitupe.