Kura ya mwaka 1960 na somo la Uraia Machame

Mwaka jana nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya Machame. Nilianza kwa kuwauliza maana ya demokrasia. Mikono ikanyanyuka, na fasili ikatoka neno kwa neno kama ilivyo daftarini, tena kwa Kiingereza. Nikauliza swali la pili: ni lini watu wa mlima huu waliubadili utawala wao kwa kura? Darasa likanyamaza, na mwalimu wao pia.

Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle, mzaliwa wa ukoo wa kitawala wa Marangu, kuwa Mangi Mkuu. Cheo hicho kilikuwa kigeni mlimani, ambako kila nchi ilikuwa na mangi wake. Kilipiganiwa na Petro Njau na chama chake, Chagga Citizens Union. Haikupita miaka kumi watu wakaanza kuhoji: je, cheo hiki ni cha maisha na cha kurithiwa, au mwenye nacho atachaguliwa kwa muda maalumu? Mwaka 1960 ikapigwa kura, na walio wengi wakataka rais wa kuchaguliwa. Aliyeshika nafasi hiyo ni Solomon Eliufoo, mwalimu, mwenyeji wa Machame, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Vijana wa kijiji jirani na kwake hawajawahi kumsikia.

Siwalaumu walimu. Enzi za chama kimoja walifundisha Siasa; vyama vingi viliporudi mwaka 1992, somo likawa Uraia. Jina lilibadilika, lakini mbinu ilibaki ile ile: nukuu ubaoni, kukariri, mtihani. Kila nikiuliza sababu naambiwa vitabu havitoshi, na ni kweli havitoshi. Lakini nyuma ya madarasa mengi ya Machame hupita mfongo uliochimbwa na mababu, wenye zamu za maji, siku za kuusafisha na faini kwa anayetega. Mwanafunzi akitumwa kuuliza nani huamua zamu, na mjane asiye na kijana wa kumtuma kusafisha hutendewaje, atarudi na somo la haki na wajibu ambalo halimo katika kitabu chochote. Chama cha msingi cha kahawa nacho kina mikutano, uchaguzi na daftari la mihtasari.

Nyenzo iliyo hatarini zaidi ni wazee. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1960 amekwisha kupita themanini. Kila msimu tunazika shahidi mmoja wa kura ile, kisha tunarudi darasani kusoma aina za demokrasia.

Tulipotoka nje, mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa: akilitaja jambo la 1960, wazazi watasema anachochea ugomvi wa Marangu na Machame. Hofu yake naielewa. Hata hivyo Marealle alikuwa na hoja nzito, kwamba sauti moja ya Wachagga ilisikika zaidi mbele ya Waingereza kuliko sauti za mamangi wengi. Wanafunzi wapewe pande zote mbili, wabishane.

Mabishano hayo yatawafikisha mahali pagumu, nasi tulifika huko siku ile ile. Nilikuwa nimewasimulia kwamba mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria nchini kote, na urais ule wa Wachagga nao haukudumu. Nikaongeza kwamba mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, ambacho mizizi yake ni chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza: kitu ambacho wananchi wamekiweka kwa kura zao, nani ana mamlaka ya kukiondoa bila kuwauliza? Kengele ililia nikiwa katikati ya kumjibu, na nakiri kwamba jibu nililokuwa nalo halikuwa limekamilika.