Umri si ugonjwa

Wiki hii nianze na jambo la nyumbani kwetu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hospitali. Alikuwa na saratani ya titi. Umri wake ulikuwa miaka 76, na asubuhi ile alikuwa ameteka maji mwenyewe kabla hatujaondoka. Daktari, kijana mwenye adabu, aliisoma tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi, kisha akaniambia mimi: "Bibi ameshakula chumvi nyingi. Mrudisheni akapumzike." Tulipofika kituo cha basi shangazi akaniuliza, "Mbona mimi hakuniuliza chochote?"

Swali hilo lina historia. Inasimuliwa kwamba Ignatz Nascher, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari mjini New York mwishoni mwa karne ya 19, alimsikia mwalimu wake akisema kuhusu ajuza mmoja kwamba maradhi yake ni uzee, na hakuna la kufanya. Neno hilo lilimkaa rohoni. Mwaka 1909 akaipa jina fani ya kuwatibu wazee, akitaka isimame yenyewe kama utabibu wa watoto. Huko Uingereza, mwaka 1935, Daktari Marjory Warren wa hospitali ya West Middlesex alikabidhiwa wodi zenye mamia ya watu waliolala bila matumaini, wengi wao wazee. Aliwapima mmoja mmoja, akawatoa kitandani, na wengi wakarudi makwao.

Tungetarajia madaktari wa saratani wajifunze kwa hawa. Haikuwa hivyo. Fani hizi mbili zilikua kama watoto wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali. Marekani, mtihani wa kwanza wa ubingwa wa dawa za saratani ulifanyika mwaka 1973. Ule wa utabibu wa wazee ulingoja hadi 1988. Aliyesoma huku hakusoma kule. Miaka hiyo hiyo Profesa B. J. Kennedy wa Minnesota, akiongoza chama cha madaktari wa saratani nchini humo, aliwahimiza wenzake waugeukie uzee.

Kwa nini? Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa wa saratani 100, 63 walikuwa na miaka 65 au zaidi. Lakini katika majaribio ya dawa yaliyochunguzwa, wazee hao walikuwa 25 tu kwa 100. Ni sawa na fundi kukata suruali kwa kipimo cha mwana, kisha akamvika baba. Hapo makosa huwa mawili: mzee mwenye nguvu hunyimwa dawa, na mzee dhaifu hupewa dawa kali kupita uwezo wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyuo kadhaa vya Marekani vilianza kuwafundisha madaktari fani zote mbili pamoja. Na wanafundishwa nini? Kuuliza. Je, mzee anaoga na kupika mwenyewe? Anatumia dawa ngapi? Ameanguka siku za karibuni? Kumbukumbu yake ikoje? Nani yuko naye nyumbani? Kisha ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi kukaa, huku daktari akitazama saa.

Mambo madogo, lakini yana uzito. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 718 wenye miaka 70 na zaidi, ambao saratani zao zilikuwa zimeenea. Pale madaktari walipopewa majibu ya vipimo hivyo pamoja na ushauri, waliopata madhara makali ya dawa walikuwa 51 kwa 100. Pale wasipopewa, walikuwa 71. Wengi walianzishiwa dozi ndogo zaidi, na hakukuonekana tofauti katika muda wa kuishi.

Ndugu msikilizaji, kiti, saa na sikio havihitaji fedha za kigeni. Vyuo vyetu vya udaktari vinaweza kulifundisha somo hili kesho asubuhi.

Shangazi tulimpeleka kwa daktari mwingine. Huyu alivuta kiti karibu, akamwamkia, akamuuliza yeye. Alikubali upasuaji, akazikataa dawa kali, na sababu zake alizieleza mwenyewe. Wahenga walisema utu uzima dawa. Mtu mzima naye aulizwe habari ya dawa yake.