Jinsi chumvi ya haluli ilivyoingia leba

Kwa miongo mingi, mjamzito aliyepandwa na presha hadi akaanguka kwa kifafa cha mimba alitibiwa kufuatana na mahali alipougulia. Marekani alichomwa sindano ya magnesiamu salfeti, yaani ile chumvi ya haluli, kwa utaratibu aliouandika Jack Pritchard wa Dallas mwaka 1955. Uingereza madaktari wengi walishikilia diazepamu. Kwingine ilikuwa fenitoini. Kila mmoja aliamini dawa ya mwalimu wake.

Ubishi huo ulikatwa mwaka 1995 na wanawake 1,687 waliokwisha kupatwa na degedege. Utafiti uliratibiwa kutoka Oxford na Lelia Duley na wenzake, lakini wagonjwa walikuwa katika wodi za nchi zinazoendelea, zikiwemo India, Afrika Kusini na Uganda. Nani apewe dawa ipi, ilikuwa bahati nasibu. Waliopata magnesiamu, hatari ya degedege kurudi ilikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko ya waliopata diazepamu, na kwa asilimia 67 kuliko ya waliopata fenitoini. Mwaka uliofuata WHO iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Wanawake hao wanastahili heshima kubwa: matibabu ya Uingereza yenyewe yalibadilika kwa sababu yao.

Likabaki swali la mama ambaye presha imepanda, mkojo una protini, ila degedege bado. Jaribio la Magpie la mwaka 2002 liliandikisha wanawake 10,141 katika nchi 33. Nusu walipewa dawa, nusu dawa bandia. Kati ya kila 1,000, waliopata kifafa walikuwa 8 upande wa dawa na 19 upande wa pili.

Magnesiamu haikutolewa kushusha presha. Hiyo ina dawa zake. Tena magnesiamu ikizidi mwilini hudhoofisha pumzi. Kwa hiyo kabla ya kurudia sindano, muuguzi humgonga mama chini ya goti aone kama mguu unaruka, huhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na hupima mkojo. Kalsiamu glukoneti huwekwa karibu kama kiuasumu.

Uangalizi huo hauwezekani katika kila zahanati. Ndiyo maana mwaka 2011 WHO ilipendekeza kwamba pasipowezekana kutoa dozi zote, mama apewe ile ya kuanzia, kisha akimbizwe hospitali bila kuchelewa.