Bonsai si kijiti: neno lililosafiri hadi Tetu

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Tetu nikipunguza mizizi ya mugumo wangu ulioko chunguni. Ni mche nilioutoa kwenye ufa wa ukuta miaka tisa iliyopita, na hadi leo haujafika magotini. Mzee jirani, ambaye sote humwita Guka, alisimama langoni akautazama waya wa shaba niliouzungushia matawi. "Mwalimu," akauliza, "hiki kijiti kimekosa nini hata ukakifunga?"

Nilicheka, lakini swali halikuniacha. Kisarufi, Guka hakukosea. Udogo wa mti ni kijiti. Hata hivyo, kijiti tunachokijua ni cha kuwashia moto au cha kuchokolea meno. Kiambishi ki- hupunguza kimo, na mara nyingi hupunguza heshima pia. Je, ndivyo ulivyo mti huu?

Tuulize historia. Kwa Kijapani, bon ni chombo kama sinia au chungu kifupi, na sai ni kupanda. Neno zima halitaji udogo popote. Wajapani waliipata sanaa hii kutoka Uchina, ambako michoro ya kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, ya mwaka 706, inaonyesha watumishi wamebeba mandhari ndogo kwenye vyombo. Huko Washington upo msonobari ulioanza kutunzwa hivyo mwaka 1625. Uliponea bomu la Hiroshima mwaka 1945, na familia ya Yamaki ikautoa zawadi kwa Wamarekani mwaka 1976. Mti uliopitia mikono ya vizazi hivyo vyote utauitaje kijiti?

Isitoshe, udogo wake si wa kudumaa kwa kutelekezwa. Ni wa kuangaliwa kila siku, na kila aina ina tabia yake. Mugumo huvumilia kukatwa mizizi. Mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, hukua polepole, hupenda jua na huchukia maji yaliyotuama. Mutarakwa nao ukiupukutisha tawi likabaki bila jani bichi, tawi hilo limekwisha. Chungu lazima kiwe na matundu, na kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni kwanza.

Nilimweleza Guka hayo yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Sawa. Lakini mugumo ni mti wa maombi. Unauwekaje kwenye sufuria?"

Hapo alinigusa. Wangari Maathai, aliyezaliwa hapa Tetu, kijijini Ihithe, mwaka 1940, alisimulia kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito. Baadaye mugumo ulikatwa ili majani chai yapandwe, na kijito kikakauka. Mama huyu alipozuru Japani mwaka 2005, miezi michache baada ya kutunukiwa Nobeli, alirudi na neno lao, mottainai, la kusikitikia kitu kinachopotezwa bure ilhali kina thamani. Alilieneza ulimwenguni. Basi neno la Kijapani si geni kwa watu wa Tetu.

Pendekezo langu ni hili: tukitaka jina la Kiswahili, tuseme "mti wa chunguni". Tukisema "mti wa chungu", msikilizaji atadhani una uchungu, au umejaa wale wadudu. "Chunguni" inataja mahali, kama lilivyo neno la Wajapani, na inauacha mti katika ngeli yake, na heshima yake.

Guka alilikubali jina, ila akatoa sharti. "Uite upendavyo, mwalimu, lakini mwingine upande ardhini."

Tawi la mugumo huchipua likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Lile nililokuwa nimelikata asubuhi hiyo lilikuwa bado sakafuni, bichi. Tuliteremka nalo mtoni, mimi na jembe, yeye na bakora yake, akanionyesha pa kuchimba.