Zimwi na Mumiani: Historia ya Mnyonya-Damu katika Masimulizi, Kuanzia Nchi ya Embu

1. Utangulizi

Kiumbe anyonyaye damu ya binadamu ni miongoni mwa wahusika walioishi muda mrefu mno katika masimulizi ya dunia. Huko Ulaya alitoka makaburini mwa vijiji vya Serbia akaingia katika riwaya, na kutoka riwaya akaingia katika filamu. Katika Afrika Mashariki amejulikana kwa majina ya mumiani, chinjachinja, wazimamoto na kachinja. Mara nyingi wahakiki hueleza mvuto wake kwa neno moja tu, yaani hofu. Maelezo hayo hayatoshi. Simba naye huogopwa, na mafuriko huogopwa, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichozaa masimulizi yenye kujirudia kwa namna hii kila kizazi.

Makala haya yanatoa hoja kwamba masimulizi ya mnyonya-damu hudumu kwa sababu ni namna ya kufanya hesabu. Huuliza nguvu za watu zimechukuliwa na nani, kwa njia gani, na je, zitarudishwa? Kila zama huwa na jibu lake, na jibu hilo huonekana katika umbo la mnyonya-damu mwenyewe. Nchi ya Embu, iliyoko kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, yafaa kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa hapo yanakutana mambo matatu: zimwi la ngano, kumbukumbu ya utawala uliochukua watu na mali, na hospitali ambamo damu hutolewa kwa hiari.

2. Irimu katika ngano za mlimani

Waembu na Wambeere, kama majirani zao Wagĩkũyũ, wana ngano nyingi za irimu (wingi: marimu). Katika mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, C. Chesaina (1997) amezihifadhi baadhi ya ngano za jamii hizo, na Wanjiku Kabira na Karega Mutahi (1988) wamefanya hivyo kwa upande wa Wagĩkũyũ. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuliona neno hili kuwa geni. Kama vile ziwa la Kiswahili linavyolingana na iria katika lugha za mlimani, ndivyo -zimu ya Kiswahili inavyolingana na -rimu. Irimu na zimwi ni ndugu, na wote wawili ni wa ukoo mmoja na mzimu, kuzimu na wazimu. Katika Kigĩkũyũ mzizi huohuo umezaa pia kĩrimũ, yaani mpumbavu, na maana hiyo si ya bure, kwani katika ngano irimu ana nguvu nyingi lakini akili yake ni ndogo, na mara kwa mara hudanganywa na mtoto, ndege au msichana.

Sifa mbili za irimu zinastahili kuangaliwa. Ya kwanza ni uzuri wake wa nje. Katika ngano zinazopendwa sana, irimu huja ngomani akiwa kijana mgeni, mtanashati, hodari wa kucheza, na wasichana wakamfuata. Mdomo wake wa pili, ulao watu, umefichwa kisogoni chini ya nywele. Sifa ya pili ni urejesho. Irimu anapokaribia kufa huagiza akatwe kidole, na kupitia kidole hicho watu na mifugo aliowameza hutoka wakiwa hai. Kwa hiyo hesabu ya ngano hufungwa. Kilichomezwa hurudi, kijiji hukamilika tena, na mtambaji humaliza kwa fomula yake ya kufungia.

Waswahili nao wana methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii ina msingi uleule. Zimwi, pamoja na ukatili wake, lina uhusiano na mliwa. Hukaa mpakani mwa jamii, lajulikana, na ulaji wake una kiasi.

3. Neno mumiani

Mumiani ni mhusika wa aina nyingine, na historia ya jina lake yaonyesha hivyo. Asili ya neno ni Kiajemi, mūmiyā, kitu cheusi kama lami kilichotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kwa kuwa maiti za kale za Misri zilidhaniwa kuwa zimehifadhiwa kwa lami hiyo, wauza dawa wa Ulaya waliuza vipande vya maiti kwa jina hilohilo. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba dawa iliyotengenezwa kwa mwili wa binadamu haikuwa ndoto ya Mwafrika. Ilikuwa bidhaa halisi katika maduka ya Ulaya.

Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 na Frederick Johnson, chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, mumiani bado ni dawa, tena iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi. Hata hivyo kamusi yaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwa mumiani ulipoenea mjini, watu hawakutoka nje baada ya jua kuchwa. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu aitafutaye. Neno liliacha kutaja kitu, likataja kazi.

4. Mnyonya-damu mwenye mshahara

Mabadiliko hayo ya maana hayawezi kutengwa na historia ya utawala. Waembu walishindwa kwa silaha za Waingereza mwaka 1906, na mwaka huohuo kituo cha serikali kikaanzishwa mahali uliposimama baadaye mji wa Embu. Wamisheni wa CMS walifika Kigari mwaka 1910. Ikafuata kodi ya nyumba. Vikafuata Vita Vikuu vya Kwanza (1914–1918), ambamo maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi na wengi wao wasirudi. Na kuanzia mwaka 1920 kikaja kipande, kilichovaliwa shingoni katika kasha la chuma. Historia ya kabla ya hapo imeandikwa na H. S. K. Mwaniki katika kitabu chake juu ya Waembu na Wambeere hadi 1906 (1973). Msomaji hawezi kukosa kuona kwamba mwaka kitabu kinapoishia ndio mwaka hesabu ya aina mpya ilipoanza. Mtu aliyechukuliwa kuwa mpagazi hakuwa na kidole cha kukatwa ili atoke.

Vibarua wa milimani walikwenda Nairobi, na Nairobi ilikuwa na masimulizi yake. Luise White, aliyefanya mahojiano huko katika miaka ya 1970 na kuandika kitabu juu ya uvumi huu katika Afrika ya kikoloni (2000), alisimuliwa kwamba wazimamoto waliwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Rhodesia ya Kaskazini waliitwa banyama, jina litokanalo na nyama. Tanganyika waliitwa chinjachinja. Pamoja na tofauti za majina, muundo ulikuwa mmoja. Kulikuwa na gari, shimo, ndoo, sindano au mpira wa maji, na zaidi ya yote kulikuwa na Mwafrika aliyeajiriwa, mwenye sare na zamu, akifanya kazi hiyo kwa amri ya mkubwa asiyeonekana.

Hapa ndipo mumiani anapoachana kabisa na irimu. Irimu hula kwa sababu ana njaa. Mumiani hana njaa, ana mshahara. Damu si chakula chake, bali huipeleka kwingine, ikatengenezwe dawa kwa ajili ya watu wengine. Wala hamjui mliwa wake, hivyo ile methali ya zimwi haimkingi mtu. Mwisho, masimulizi ya mumiani hayana fomula ya kufungia. Hakuna urejesho, na askari mmoja akiondolewa, mwingine huajiriwa mahali pake.

5. Mlinganisho na Ulaya

Ni rahisi kudhani kwamba mnyonya-damu wa Ulaya ni mtoto wa fasihi tu. Historia yasema vingine. Baada ya mkataba wa 1718 Austria ilitawala sehemu ya kaskazini ya Serbia, na mwaka 1732 madaktari wa jeshi lake waliandika ripoti juu ya maiti zilizofukuliwa katika kijiji cha Medveđa. Ripoti hiyo ilienea katika magazeti ya Ulaya. Basi huko nako mnyonya-damu aliingia katika maandishi kupitia jalada la ofisi ya watawala wa kigeni.

Waandishi walipomchukua walimbadilisha tabaka. Katika hadithi ya John Polidori (1819) mkulima aliyekufa amekuwa bwana mtanashati wa karamu za London. Katika *Dracula* ya Bram Stoker (1897) ni kabaila anunuaye nyumba Uingereza kwa msaada wa mwanasheria. Uzuri uvutao wasichana, uliojulikana sana katika ngano za irimu, ulipata makao mapya, na haujatoka humo hadi leo. Lakini Dracula ni mtu mmoja. Ana jina, ana jeneza, na huuawa mwishoni mwa kitabu. Kwa maana hiyo yu karibu zaidi na irimu kuliko na mumiani. Riwaya na ngano humpa msikilizaji faraja ileile: mlaji anajulikana, na hesabu yake yaweza kufungwa.

6. Kutoka uvumi hadi istilahi

Karl Marx, katika *Das Kapital* (1867), aliufananisha mtaji na mnyonya-damu aishiye kwa kufyonza kazi ya walio hai. Kiswahili kilifikia picha hiyo kwa njia yake. Kitenzi nyonya, cha mtoto na titi la mama, kilizaa unyonyaji, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likalifanya neno hilo kuwa nguzo ya siasa ya Tanzania, likisindikizwa na kupe na mirija. James Brennan (2006) ameonyesha jinsi istilahi hiyo ilivyosikika katika masikio yaliyokwisha kumzoea mumiani. Kwa hiyo mwananchi aliyelisikia neno unyonyaji hakupewa sitiari ngeni. Alirudishiwa uvumi wake mwenyewe ukiwa umevaa nguo za hoja.

Hata hivyo kuna hatari ya kuishia kwenye sitiari. P. Wenzel Geissler (2005) ameeleza jinsi watafiti wa afya walivyoitwa kachinja katika Kenya ya magharibi walipochukua damu ya kupima. Kusini mwa Malawi, mwaka 2017, watu kadhaa waliuawa na umati kwa kushukiwa kuwa wanyonya-damu, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Waliouawa hawakuwa sitiari. Umati ulijaribu kumaliza masimulizi ya mumiani kwa mwisho wa irimu, yaani kumpata mlaji mmoja na kumwua. Mwisho huo haukutosha, kwa kuwa mumiani si mtu, ni mpango. Na aliyekufa alikuwa jirani au mgeni asiye na hatia.

7. Hitimisho

Mwanafasihi anayeuita uvumi huu ushirikina hupoteza ushahidi wa jinsi watu walivyoielewa ajira, tiba na dola. Anayeuita sitiari tupu huwasahau waliokufa. Njia iliyo bora ni kuuchunguza kama utanzu wenye kanuni zake, na kanuni iliyo kuu ni ile ya hesabu isiyofungwa.

Lugha yenyewe yasaidia. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana kwa sauti: kuchinja, kuchanja na kuchanga. Cha kwanza kilimpa chinjachinja jina. Cha pili kilitumika kwa undugu wa kuchanjiana, ambao kwao watu wasio wa nasaba moja walikuwa ndugu kwa damu, kisha kikahamia hospitalini kikawa chanjo. Cha tatu ni cha kutoa kwa pamoja, na ndicho kitumikacho mtu anapoombwa achangie damu. Baada ya mlipuko wa bomu wa tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, Kenya iliunda huduma ya taifa ya utoaji damu, na Embu ukawa miongoni mwa miji iliyopewa kituo cha kanda. Huko damu hutoka mwilini kwa sindano, huwekwa katika mfuko, na hupelekwa kwa mtu ambaye mtoaji hatamwona, yote yakiwa ni mambo ambayo masimulizi ya mumiani yalikwisha kuyataja. Kinachotofautisha kuchanga na kuchinja si sindano wala gari, bali ni idhini ya mtoaji na hakika yake kwamba siku atakapougua yeye au mwanawe, damu itarudi. Palipo na hakika hiyo hesabu hufungwa, na mumiani hubaki bila kazi.